Safu ya Tatu Sikuiona

3 Machi

Shangazi mpendwa, shikamoo.

Nakuomba, kabla hujafika mstari wa pili, funga mlango. Barua hii usimsomee mtu, hata aliye usingizini. Usiifiche chini ya mto, maana foronya hufuliwa. Ukimaliza, ichane vipande ambavyo hata mimi nisingeweza kuviunga. Ningekupigia simu, lakini mimi na wewe tunajua simu yako ilivyo: tangu sikio la kushoto likusaliti unaifungulia sauti yote, na nyumba nzima huitikia "marahaba" kabla yako. Kwa hiyo naandika.

Nimefanya jambo, na huenda nimemuua Dada.

Sentensi hiyo nimeifuta mara tatu na mara tatu imerudi. Basi ibaki.

Niende kwa utaratibu. Unajua Dada yuko wodini mwezi wa pili sasa, damu yake imeacha kujitengeneza. Unajua Kaka alipimwa hakulingana naye hata nusu, mimi nikalingana kwa kila kipimo, na kwamba mimi ndiye nitakayetoa mbegu za damu, zile wataalamu wanazoziita seli shina. Wewe uliyekaa mbele ya hadubini miaka thelathini hutaki maelezo yangu. Tarehe 15 wataanza kumpa Dada dawa kali ya kuufuta uboho wote uliomo mifupani mwake. Ikishaingia, hana chake tena. Atasubiri changu.

Usilolijua ni hili. Ukarani wangu uko kwenye kitengo cha utafiti cha hospitali hiyo hiyo, ghorofa ya pili, na kule kuna chumba chenye baiskeli iliyofungwa sakafuni. Watu wa kujitolea huja, hupiga pedali nusu saa, hutolewa damu mara tatu: kabla ya kupanda, mara tu wanaposhuka, na baada ya saa moja. Maabara wanahesabu mbegu, makarani tunaingiza hesabu kwenye kompyuta. Ili karani asije akapendelea jibu, hakuna anayeona kila kitu. Mimi napewa safu ya kwanza na ya pili. Safu ya tatu ni ya karani mwenzangu wa chumba cha pili, pamoja na fomu za wale waliopiga pedali mpaka nguvu zikaisha. Tumekatazwa kuulizana.

Shangazi, miezi minne nimeandika safu ya pili, na kila mtu, nasema kila mtu, mbegu zake huwa nyingi akishuka kwenye baiskeli. Wengine mara mbili. Waliponiambia mimi ndiye mchangiaji, nikapiga hesabu za kisomi: kama nusu saa inazaa hivi, je, saa moja? Je, saa moja kila siku? Nilitaka Dada apate tele. Mama alipofariki nilikuwa na miaka mitano, yeye kumi na saba. Aliketi kwenye cherehani na hakunyanyuka mpaka nikamaliza chuo. Mtu huyo nimpimie mbegu kwa kijiko?

Ufunguo wa chumba ninao mimi. Nikaanza kufika saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kabla mfagizi hajaingia, nikapiga pedali wiki tatu. Nikajiandikia fomu yangu kwa mkono: tarehe, dakika, mapigo ya moyo. Siku ya kuamkia kipimo cha mwisho nilifika mapema zaidi, nikapiga kwa saa mbili na dakika kumi. Niliposhuka miguu haikuwa yangu. Ngazi niliteremka kwa makalio, nikimwambia mfagizi nimeangusha hereni. Mchana ule mkojo ulikuwa rangi ya chai kavu. Nikavuta maji haraka kama niliyechunguliwa.

Kesho yake wakanitoa damu. Majibu mabaya: vipimo vya ini viko juu, chembe nyeupe ziko juu, na kuna kingine Daktari alikizungushia wino mwekundu mara mbili. Akaniuliza, "Umeugua? Umekunywa dawa yoyote?" Nikasema hapana, na ni kweli. "Kuna jambo ungependa kuniambia?" Nikasema hapana, na si kweli. Akasema tusubiri kidogo.

Jana karani mwenzangu alipewa ruhusa, nikaambiwa nishike fomu zake kwa siku moja. Ndipo nikaiona safu ya tatu. Baada ya saa moja, mbegu zote zimesharudi zilikotoka. Na wale waliochoka kabisa wana safu nyingine, ya kuungua: oksijeni iliyobaki mwilini bila kazi, inayozila seli kama kutu inavyokula bati. Yao ilikuwa juu sana. Mbegu zao zilipopandwa kwenye kisahani cha maabara, ziliota chache.

Nikisema, nafukuzwa kazi na kuondolewa kwenye orodha, na mwingine hayupo. Nikinyamaza, nampa Dada mbegu zilizoungua. Niambie la kufanya. Nakushukuru hata kabla hujajibu.

Wako mwenye hofu,
Kifutio

*

6 Machi

Kifutio,

Marahaba. Mlango nimefunga. Mkwe wangu akauliza kulikoni, nikamwambia najipaka dawa ya mgongo. Hakuna aliyetaka kuingia.

La kwanza: mkojo wa rangi ya chai hauandikiwi shangazi aliye mbali, unapelekwa kwa daktari siku hiyo hiyo. Ile ni misuli imechanika, inamwaga rangi yake kwenye damu, na figo zinapata taabu kuichuja. Kunywa maji sasa hivi, ukisoma. Umekunywa? Kunywa tena. Na kesho asubuhi umwonyeshe mtu mwenye koti jeupe, hata kama rangi imesharudi.

La pili: ini lako halina kosa. Vile vipimo wanavyoviita vya ini hutoka hata kwenye misuli iliyopigwa. Lakini Daktari hapigi ramli. Atajuaje kwamba binti mwembamba kama ufito amekuwa akishindana mbio na baiskeli iliyofungwa sakafuni? Tena akashindwa!

La tatu ndilo linalokutoa machozi, basi nikueleze kama nilivyokuwa nikiwaeleza wanafunzi wangu. Mbegu za damu hulala ndani ya mfupa, mahali penye hewa kidogo, na zinapapenda hivyo hivyo. Ukijitikisa, damu ikaenda mbio, baadhi hutoka kuchungulia, hutembea, hurudi ndani. Hazikuzaana, mwanangu. Zilitoka barazani. Wewe ulihesabu watu wa barazani ukatangaza nyumba imejifungua.

Ukijitikisa mpaka kufa, kweli kunawaka moto. Lakini zile za kwenye kisahani zilichukuliwa siku ile ile, bado zinafuka moshi. Mwili una wazima moto wake. Uache upumzike, watafanya kazi yao. Hata hao wazima moto huongezeka kwa mtu anayefanya mazoezi ya kiasi, leo kidogo, kesho kidogo. Ndiyo faida yenyewe. Ila mimi hadubini niliiacha miaka tisa iliyopita, kwa hiyo maneno haya yakufute machozi tu, yasikufanye uruke kumwona Daktari.

Maana utamwambia. Nikupe langu, ambalo baba yako alikufa halijui. Mwaka wangu wa kwanza maabara nilibadilisha vichupa viwili vya damu, na nikajua, na nikanyamaza tangu saa mbili asubuhi mpaka saa sita. Mzee wa maabara aliponisikiliza hakunifokea. Alisema, "Asante, sasa tunajua pa kuanzia." Tukaanza upya, hakuna aliyedhurika. Lakini zile saa nne, Kifutio, mpaka leo zikinijia nikiwa jikoni huweka kisu chini.

Siri yako nitaitunza mpaka tarehe kumi. Tarehe kumi na moja asubuhi nitapiga simu hospitali, na sauti yangu kwenye simu unaijua.

Barua nimeichana kama ulivyoagiza, isipokuwa kile kipande cha Dada na cherehani. Hicho ni changu.

Nashukuru umeniambia mimi kwanza. Mzee anayeambiwa siri bado yupo kazini.

Shangazi yako

*

7 Machi

Kifutio wangu,

Muuguzi wa zamu ndiye atakayekupa hii. Ningekuambia ukija dirishani, lakini ukinitazama kwa yale macho ya mtu aliyepoteza ufunguo wa ofisi, maneno hunikimbia.

Nimesikia vipimo vyako vimeleta maswali. Na nimekuona. Siku hizi unasimama mbali na kioo cha chumba changu, nikiuliza habari unajibu "salama" kabla sijamaliza. Juzi ulitembea kama umeambiwa sakafu imetandikwa mayai. Mimi nimekulea. Nakujua ulivyokuwa ukifuta hesabu mpaka daftari linatoboka, ndiyo maana nikakuita hivyo. Najua ukiogopa unakuwaje. Mbwa huogopi, giza huogopi. Unaogopa sindano, tangu ile chanjo ya darasa la kwanza ulipomng'ata muuguzi nikaitwa shule kuomba radhi kwa niaba ya meno yako.

Sasa sikiliza. Nimemwambia Daktari kwamba mdogo wangu asilazimishwe. Kama hawezi, watafute njia nyingine, na kama haipo, haipo. Wana kikao tarehe 11, watakutoa kwenye orodha bila maneno. Hutaulizwa chochote.

Usije ukafikiri nina kinyongo. Siku ile ulikubali bila hata kumeza mate, na mimi nikalala usingizi wa kwanza baada ya wiki mbili. Usingizi ule nimeshaupata, hakuna wa kuurudisha. Nakushukuru kama niliyekwisha kupokea. Nilikulea kwa sababu nilipenda kukulea. Sikuwa nangojea uboho.

Kula vizuri.

Dada yako

*

9 Machi

Kwa Daktari Kiongozi,
Kitengo cha Utafiti wa Damu.

YAH: KUTUMIA BAISKELI YA UTAFITI BILA RUHUSA, NA SABABU YA MAJIBU YANGU YA DAMU

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

1. Mimi ni karani wa safu ya kwanza na ya pili. Pia ni mchangiaji wa mgonjwa wa chumba cha peke yake namba tatu, ambaye ni dada yangu.

2. Kuanzia tarehe 6 Februari hadi tarehe 26 Februari nilitumia baiskeli kila siku ya kazi kabla ya saa za ofisi. Siku ya mwisho nilipiga pedali dakika 130. Siku iliyofuata nilitoa damu ya kipimo. Ulipouliza kama kuna jambo, nilisema hapana. Lilikuwepo.

3. Fomu niliyojiandikia naiambatanisha. Nimeandika pia rangi ya mkojo, kwa kuwa nimeshauriwa hivyo na mtu mzima. Jana asubuhi nilimwona daktari wa zamu, amepima figo, amesema zimepona.

4. Niliona safu ya pili tu, nikaamini mbegu zinaongezeka. Safu ya tatu niliiona baadaye. Karani mwenzangu hahusiki kwa lolote.

5. Mgonjwa anadhani nimeogopa sindano. Sindano naziogopa kweli, lakini siyo sababu. Naomba sana, nakuomba, kikao cha tarehe 11 kisinitoe kwenye orodha kwa huruma yake. Kama mbegu zangu zimeharibika nitolewe kwa hilo. Kama hazijaharibika, nichomwe sindano zozote, hata kama nitang'ata mtu.

6. Niko tayari kurudisha ufunguo na kupokea hatua yoyote.

Samahani kwa aya ya tano. Nimejaribu kuiandika kiofisi imenishinda.

Wako mtiifu,
Karani, dawati la kwanza

*

10 Machi

Karani,

Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama, kisha nikakaa nikaisoma tena.

Ufunguo mkabidhi katibu leo. Onyo la maandishi litaingia kwenye jalada lako kwa sababu ni lazima liingie. Ungeweza kupoteza figo mbili katika jengo lililojaa madaktari, na hakuna ambaye angejua kwa nini. Hilo ndilo lililonikasirisha, zaidi ya baiskeli.

Sasa habari njema. Kile nilichokizungushia wino ni kimeng'enya cha misuli, kinachovuja kwenye damu misuli ikichanika. Nilikuwa nahangaika na ugonjwa wa misuli usio na jina, na kikao kilikuwa kinaelekea kukuondoa. Fomu yako imenipa jibu kwa ukurasa mmoja. Imeandikwa vizuri kuliko za wasaidizi wangu, na nitawaambia.

Kuhusu kuungua: tutapima, hatutabahatisha. Pumzika wiki nzima. Tembea kwenda kazini na kurudi, basi. Tarehe 17 tutachukua damu upya. Dawa ya dada yako nimeisogeza mbele hadi tarehe 24, kwa hiyo hakuna kilichofutwa bado. Anaweza kusubiri siku hizo tisa, nimehakikisha.

Asante kwa kusema. Watu wengi husema wakiwa wameshachelewa.

Na mwambie dada yako mwenyewe. Hiyo siyo kazi ya daktari.

Daktari

*

11 Machi

Dada mpendwa,

Nimeandika barua hii kwa kalamu ya wino ili nisiweze kufuta.

Sikuogopa. Yaani niliogopa, lakini siyo unavyodhani. Nilipokuwa nikisimama mbali na kioo nilikuwa najificha nisikwambie kwamba kila asubuhi, kwa wiki tatu, nimekuwa nikipiga pedali kwenye baiskeli ya utafiti ili nikupe mbegu nyingi. Nilisoma nusu ya karatasi nikajiona nimeelewa yote. Badala ya kukuongezea, huenda nimezichoma. Sakafu haikuwa na mayai. Nilikuwa siwezi kukunja magoti.

Daktari ameshajua. Tarehe 17 nitapimwa upya. Kwenye orodha bado nimo.

Barua yako ilinifikia siku moja na ya Shangazi. Ya Shangazi ilinigombeza nikapata nguvu. Yako ilinishukuru nikakosa pa kujificha. Unawezaje kumshukuru mtu anayekukimbia? Nilipofika pale ulipoandika kwamba usingizi ule umeshaupata, nilifunga mlango wa choo cha ofisini nikalia mpaka mtu akagonga, akauliza kama maji yamekatika.

Kama vipimo vikikataa, nitakuja mwenyewe kukwambia, nitasimama karibu na kioo. Vikikubali, nitakuja vivyo hivyo.

Sindano za kuzisukuma mbegu zitoke mfupani ni za siku tano. Nimewauliza kama naweza kushika kitu cha kung'ata.

Mdogo wako,
Kifutio

*

12 Machi

Wewe!

Nimecheka mpaka mashine ikalia, Muuguzi akaja mbio akidhani nimekata roho. Nikamwambia hapana, ni mdogo wangu ana akili nyingi.

Yaani mimi nimepiga pedali za cherehani miaka kumi na tisa, nikadhani nimewamalizia ukoo mzima, kumbe umejiwekea zako? Na mimi, nimekulea kwa mikono hii, nikaona mtu mwenye misuli mibovu nikasema huyu ana moyo mbovu. Nisamehe. Nilikutazama sana, sikukuuliza hata mara moja. Nilijifanya naona safu zote.

Daktari alipokuja asubuhi nikamwambia nafuta maneno yangu. Akasema na yeye ameshayafuta.

Sikia basi. Zikiwa zimeungua kidogo, nitazipokea hivyo hivyo. Chakula chako cha kwanza ulichonipikia ulipokuwa na miaka saba kilikuwa na mkaa upande mmoja, nikala, nikaongeza. Niko hai.

Leo miguu yako ikoje?

Dada yako

*

14 Aprili

Kifutio,

Wiki tatu na ushee! Barua yako ya mwisho ilikuwa mistari minne: umepimwa tarehe 17, vipimo vimetulia, mbegu ziliota kwenye kisahani, asante Shangazi. Hiyo ni barua au ni tangazo la msiba? Baada ya hapo kimya. Kwenye simu unasema "tunasubiri", nyumba nzima inasema "tusubiri", na mimi najifanya nimesikia vizuri.

Najua hesabu. Ulitoa tarehe 31, na siku hiyo hiyo akawekewa. Leo ni siku ya kumi na nne. Najua maana ya siku ya kumi na nne kuliko unavyoijua wewe. Kama kuna neno baya, niandikie baya. Nina umri wa kulibeba. Kama hakuna neno, niandikie kwamba hakuna neno.

Sijala vizuri, na usimwambie mtu.

Shangazi yako

*

18 Aprili

Shangazi mpendwa, shikamoo.

Barua hii waweza kuisoma kwa sauti. Fungua mlango, waite wote, hata mkwe.

Zimeota.

Sikukuandikia kwa sababu sikuweza kuandika neno lolote ambalo lingeweza kuja kufutwa. Siku ya tano Dada aliacha kula. Siku ya nane midomo ilijaa vidonda, akawa anaongea kwa vidole: kimoja ndiyo, viwili hapana, vitatu "toka kalale". Siku ya kumi na moja homa ilipanda na nilikaa kwenye benchi la nje nikihesabu vigae vya ukutani, mia nne na kumi na mbili, kimoja kina ufa. Siku ya kumi na nne, ile uliyoniandikia, chembe nyeupe zilikuwa sifuri kama jana yake. Daktari alisema ni mapema, lakini alisema huku akitazama karatasi, siyo mimi.

Siku ya kumi na sita Muuguzi alikuja na karatasi akaibandika kwenye kioo kwa upande wa ndani, namba zikitazama nje, nisome mwenyewe. Chembe nyeupe nukta tatu, siyo sifuri tena. Nikadhani ni kosa la karani. Nikamwomba arudie kipimo, akaniambia, "Karani, wewe kila kitu unataka safu ya tatu?" Jana ilikuwa nukta sita. Leo asubuhi moja na nukta moja.

Daktari anasema pengine mbegu hazikuungua kamwe, au ziliungua zikapona kwenye ile wiki ya kupumzika. Hatutajua. Anasema sayansi ina adabu ya kusema "hatujui", na kwamba nijifunze adabu hiyo. Naendelea kujifunza. Ninachojua ni kwamba wewe ulinipa tarehe, Dada alinipa ruhusa ya kukimbia, Daktari akanipa wiki, na kati ya hayo matatu nisingeweza kulikosa hata moja. Nilijiona peke yangu na baiskeli. Kumbe mlikuwa mmesimama pande zote.

Kuhusu sindano: sikumng'ata mtu. Mifupa iliuma kama jino siku tano zote, na kila ilipouma nikasema ndiyo hizo zinatoka.

Kula sasa, Shangazi. Kula na ya jana.

Wako mwenye shukrani,
Kifutio

*

26 Aprili

Dada mpendwa,

Muuguzi ameniambia kuanzia kesho unaruhusiwa kutoka chumbani ukiwa na barakoa, na kwamba Daktari ameandika kwenye karatasi yako: "Atembee kila siku, kiasi. Asizidishe." Nimeomba nione kwa macho yangu. Neno "asizidishe" amelipigia mstari, na nadhani mstari ule ni wangu.

Ukitaka kuja kuniona, usije kule ghorofa ya pili. Sipo tena. Kwa kuwa nimeziona safu zote, utafiti hauwezi kunitumia, na hiyo ni haki. Kazi yenyewe nimebakiziwa. Nimehamishiwa kumbukumbu za wagonjwa wa nje. Ni meza ndogo, lakini majalada yanakuja kamili, ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho, na nimepewa ruhusa ya kuuliza. Nashukuru kila asubuhi ninapoketi.

Jana nimeipima njia kwa miguu yangu, kwa mwendo wako, siyo wangu. Iko hivi.

Toka mlango wa wodi, shika mkono wa kushoto. Hatua arobaini kuna benchi. Kaa, hata kama hujachoka. Usishuke ngazi. Pita mteremko wa viti vya magurudumu, ukishikilia chuma cha kulia, kwa sababu cha kushoto kinacheza na nimeshawaandikia mafundi. Chini kuna bomba la maji ya kunywa na benchi la pili, la mbao, refu. Hapo kaa dakika tano kwa saa ya ukutani. Ile saa inachelewa, kwa hiyo zitakuwa sita, na si mbaya.

Kisha nenda moja kwa moja kwenye ukumbi wenye mzani. Usijipime, utaudhika. Hesabu madirisha: la kwanza la dawa, la pili limefungwa, la tatu la kadi mpya, la nne ni mimi. Njoo kati ya saa nne na saa tano, foleni inapokuwa imepungua. Usipange mstari. Gonga kioo kwa ukucha tu, nitainuka.

Na kama nguvu zitakuishia njiani, popote pale, usilazimishe hata hatua moja. Kaa hapo hapo, mwambie yeyote mwenye koti jeupe amwite karani wa dirisha la nne. Nitakuja kwa miguu, taratibu, na tutarudi pamoja.

Mdogo wako,
Kifutio